Gesi Imekwenda Wapi

Glasi ya kwanza kutoka kwenye kegi yangu ya kwanza, yaani pipa la chuma la kutunzia bia, ilikuwa na rangi nzuri kuliko bia yoyote niliyowahi kupika. Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, nyumbani kwetu Tabata, shemeji zangu watatu wamekaa barazani wakisubiri. Niliinua glasi kwenye mwanga: rangi ya asali, unaona vidole upande wa pili. Ila hapakuwa na punje hata moja ya gesi inayopanda. Shemeji mkubwa akapiga funda, akaishika glasi kwa heshima yote, akaniambia, "Shemeji, ladha ipo. Lakini imelala."

Neno hilo lilinikaa kifuani miezi minne. Ndio muda ulionichukua mpaka nikaielewa gesi, na nayaandika haya kwa ajili ya yeyote anayepika bia nyumbani kwenye joto hili letu la Pwani, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyafuata yametoka kwa watu wanaoishi kwenye baridi, na kuna mambo hawayataji kwa kuwa kwao hayahitaji kutajwa.

Napika kwa ajili ya familia na wageni, siuzi. Bibi yangu kule Marangu alikuwa mpishi wa mbege, na mbege haikumpa taabu hii hata siku moja. Ilinywewa ikiwa bado inachemka yenyewe, gesi inatoka inavyotaka, kesho yake imekwisha. Bia ya shayiri ina utaratibu mwingine. Lazima imalize kuchachuka, itulie, halafu ndipo uirudishie gesi kwa kipimo. Miaka miwili ya mwanzo niliirudishia kwa sukari ndani ya chupa. Kila mpiko wa lita 19 ni chupa 38 za nusu lita za kuosha, kujaza na kufunga. Halafu Februari moja, stoo ikiwa nyuzi 33, chupa mbili zikapasuka usiku. Sakafu nzima vioo, nami nina watoto wawili wanaotembea peku. Asubuhi ile niliamua kuhamia kwenye kegi.

Nilipata mbili za chuma cha pua, zile za lita 19 zilizokuwa zikibeba sharubati ya soda, kupitia ndugu aliyekuwa analeta kontena. Ukifungua mfuniko, harufu ya soda inakupokea. Kuosha hakuitoi, maana imeingia kwenye oringi zenyewe (pete za mpira za kuzibia), kwa hiyo oringi zote lazima zibadilishwe: ile kubwa ya mfuniko, mbili za nje kwenye kichwa cha kuingizia gesi na kichwa cha kutolea bia, na mbili ndogo za ndani, zinazokaa chini ya vichwa hivyo kwenye shingo ya kila mrija. Mimi nilibadilisha tatu. Zile mbili za ndani sikujua kwamba zipo.

Mtungi wa gesi, wa kilo 5, nilijaziwa kwenye barabara ya Nyerere, na nilisisitiza nipewe gesi ya vinywaji. Kabla ya hapo, Gerezani, kijana mmoja alitaka kuniuzia mtungi wa kuzimia moto kwa nusu ya bei. Gesi ya ndani ni hiyohiyo ya kaboni (kabonidioksidi), ila mtungi wa kuzimia moto una mrija ulioshuka mpaka chini, hivyo unatoa kimiminika badala ya gesi, na regyuleta ya bia, kile kifaa cha kupunguza presha inayotoka kwenye mtungi, haikutengenezwa kupokea kimiminika. Bahati nzuri nilikuwa nimeshalisoma hilo, nikamwacha na mtungi wake.

Sasa ile Pasaka. Kila niliyemsikiliza alisema PSI 12 (PSI ni kipimo cha presha). Nikaweka PSI 12, kegi ikakaa kwenye sakafu ya stoo siku kumi, na Ijumaa Kuu ndipo nikaihamishia kwenye friji ili ipoe. Niliamini siku kumi ni nyingi. Ambacho sikukijua ni kwamba bia ya moto haishiki gesi. Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alionyesha kwamba gesi huyeyuka kwenye maji kwa kadiri ya presha inayoyakandamiza, na ukweli mwingine unaokwenda pamoja na huo ni kwamba maji yakipata joto, gesi inakimbia. Wapishi huipima kwa ujazo. Bia ya kawaida hubeba ujazo 2.5, maana yake katika kila lita moja ya bia zimeyeyuka lita mbili na nusu za gesi. Kwenye nyuzi 3, PSI 11 au 12 inakufikisha hapo. Kwenye nyuzi 30, PSI hiyohiyo 12 inakupa ujazo mmoja na kidogo, na zaidi ya nusu ya huo huwa imeshaachwa na uchachukaji wenyewe kabla hujafungua mtungi. Ili nifike 2.5 kwa joto la stoo yangu ningehitaji PSI 38 hivi.

Namba 12 ni namba ya bia iliyokwisha kupoa. Aliyeitaja alikuwa na friji akilini.

Wiki iliyofuata nilikimbilia upande wa pili. Nusu ya kegi ilikuwa imebaki. Nikaiweka kwenye friji ipoe, nikapandisha regyuleta mpaka PSI 40, nikailaza kegi sakafuni nikaiviringisha mbele na nyuma dakika ishirini, nikaiacha imeunganishwa kwa presha hiyohiyo siku tano. Ukipiga hesabu, bia ya nyuzi 4 ikishindiliwa PSI 40 inaelekea ujazo 5, mara mbili ya inachohitaji. Siku ya tano nilipofungua koki, glasi ilijaa povu tupu, jeupe, zito kama la kunyolea ndevu. Nikasubiri litulie, chini kukabaki vidole viwili vya bia, na bia yenyewe ilishapoteza gesi yote kwenye lile povu. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, nami lilinichanganya: gesi ikizidi, bia inayofika mdomoni inaweza kuonekana imelala vilevile. Ukidhani imepungukiwa, utaongeza tena.

Kosa lililofuata nilikuja kulilipia. Nilipogundua presha imezidi nilizungusha skrubu ya regyuleta kuirudisha mpaka 8, mtungi ukiwa wazi na mpira wa gesi ukiwa bado kwenye kegi. Mpira wangu ni ule mweupe unaoonyesha ndani. Niliiona bia ikipanda, polepole, kama dawa ndani ya bomba la sindano, ikapita kwenye klipu, ikaingia kwenye regyuleta. Ndani ya kegi kulikuwa na presha kubwa kuliko upande wa mpira, hivyo ilichokuwa nacho ikakisukuma kuelekea kwenye unafuu, na kwa kuwa bia iliyoshiba gesi hupanda povu presha ikishuka ghafla, povu lilifika kwenye mrija mfupi wa gesi, na kilichotoka kilikuwa bia. Niliifungua regyuleta, nikaisuuza kwa maji ya vuguvugu mara nyingi, lakini geji ya chini, inayoonyesha presha inayokwenda kwenye kegi, haikurudi sawa. Nilinunua nyingine, na pamoja nayo vali ndogo inayoruhusu gesi kwenda na kuizuia kurudi. Ukinunua kitu kimoja tu baada ya kusoma hapa, nunua vali hiyo.

Ikitokea gesi imezidi, utaratibu ninaoutumia leo ni huu. Nafunga mtungi. Nachomoa mpira wa gesi kwenye kegi. Navuta pete ya kutolea presha iliyo kwenye mfuniko sekunde chache, gesi inatoka kwa kelele, naiachia. Siivuti kwa pupa, maana bia iliyoshiba hupanda povu likajaa kwenye tundu la pete. Naiacha saa kadhaa, ile gesi iliyomo ndani ya bia inatoka kidogo na kujaza nafasi ya juu, navuta tena. Mara tatu au nne kwa siku, siku mbili au tatu. Ndipo naweka regyuleta kwenye 12 na kuunganisha upya. Njia ya mkato sijaipata.

Mei nilinunua friza iliyotumika, ya kufungulia juu, nikaifungia themostati ya nje kutoka Kariakoo, kifaa cha kupima joto kinachokata umeme ikifika nyuzi ninazotaka. Kegi mbili zinaingia vizuri. Nilidhani nimemaliza. Baada ya siku tisa mtungi wa gesi ukawa mtupu.

Nikajaza tena. Nikaanza kupima: jioni nafunga mtungi, geji ya chini inasoma 12, asubuhi inasoma 4. Nikakaza kila kinachokazika. Nikazungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba hata mahali isipohitajika. Geji ikaendelea kushuka. Wiki mbili nzima nilirudi kutoka kazini nikishika spana kabla ya kuvua viatu, na mke wangu akaanza kuniuliza kwa upole kama hii bia ina mwisho.

Aliyenifungua macho hajawahi kupika bia maishani mwake. Ni fundi friji, mtu mzima, tangu nimjue karakana yake iko Gerezani. Alikuja kwa sababu mota ya friza iligoma kuwaka. Akabadilisha kifaa kimoja kidogo cha kuiwashia, kazi ya robo saa. Akanikuta nimechuchumaa na spana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana wangu. Hiyo gesi gani?"

"Ya bia, fundi. Inavuja na sioni wapi. Usiku nafunga mtungi geji iko 12, asubuhi naikuta 4."

"Ndani ya hilo chuma mna nini?"

"Mna bia."

"Na bia inakula gesi?"

Nilinyamaza. Ilikuwa bia mpya, ina siku mbili kwenye friza. Bila shaka ilikuwa inakula gesi. Ndiyo kazi niliyoiwekea humo.

Akaketi juu ya ndoo, akajifuta mikono. "Mimi natafuta uvujaji kila siku ya Mungu. Gesi haipotei. Ina mahali imekwenda. Kwako imekwenda kwenye bia au imekwenda nje, na hujui ni ipi, kwa sababu umevipima viwili kwa pamoja. Toa huyo anayekula, halafu upime."

Nimesoma mengi kuhusu kegi, kabla na baada ya siku hiyo, na sijaona mtu aliyelieleza jambo hili kwa uwazi kama mzee yule juu ya ndoo. Geji inayoshuka usiku haijasema bado kwamba kuna tundu. Bia changa ikifungiwa na presha kidogo itaivuta ndani hadi ishibe, na sindano itashuka hata kama kila kitu kimefungwa barabara. Anayetaka kujua kama kuna uvujaji apime kegi tupu, au kegi ambayo bia yake imeshakaa wiki mbili na kushiba.

Siku ya Jumamosi nilifanya alivyoniambia. Kegi ya kwanza ilikuwa imekwisha. Nikaiosha, nikaifunga tupu, nikaipa PSI 30, nikafunga mtungi, nikaondoka. Saa tatu baadaye sindano ilikuwa 22. Kwa hiyo mambo yote mawili yalikuwepo: bia ilikuwa inakula, na mahali fulani panavuja. Nikachomoa mpira wa gesi kutoka kwenye kegi, nikaupa presha mpira huo na regyuleta peke yake, nikasubiri tena. Sindano haikusogea hata unywele. Uvujaji uko kwenye kegi.

Hapo ndipo sabuni inapofaa. Nilichanganya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji, sehemu moja kwa nne, nikapaka kwa brashi ya rangi iliyo safi. Kuzunguka mfuniko, hakuna kitu. Pete ya kutolea presha, hakuna. Kichwa cha bia, hakuna. Kwenye kichwa cha gesi pia niliona kimya, nikataka kuendelea, lakini nikamkumbuka fundi na subira yake, nikakaa nikakitazama. Ilipita karibu dakika nzima. Kisha kwenye mshono wa chini, pale kichwa kinapokutana na kegi, vikaanza kuota vipovu vidogo kama chembe za chumvi, kimoja baada ya kingine, kwenye nafasi isiyozidi upana wa kucha. Nilikifungua kwa spana, nikautoa mrija mfupi. Chini ya shingo yake ilikuwepo oringi nyeusi, imekauka, imepasuka upande mmoja, na ukiinusa bado inanuka soda.

Ile niliyokuwa sijui kwamba ipo.

Nikabadilisha zote mbili za ndani, katika kegi zote mbili, nikazipaka grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula. Mafuta ya kujipaka usiyatumie hapo. Yanaharibu baadhi ya mipira na mafuta ni adui wa povu la bia. Kegi ya pili ilikuwa na tatizo tofauti: mfuniko wake haukai vizuri kwenye presha ndogo. Hiyo naipa PSI 30 kwanza mpaka mfuniko ubanwe kwenda juu, navuta pete mara mbili tatu kutoa hewa ya kawaida iliyobaki, halafu nashusha. Na ukibadilisha mtungi, angalia ile washa ya nailoni kati ya mtungi na regyuleta. Mimi niliwahi kuiacha dukani kwenye mtungi wa zamani.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya hesabu ya mtungi, hesabu ambayo ningeifanya mapema ingeniokoa. Kegi ya lita 19 iliyofika ujazo 2.5 ina gramu 93 hivi za gesi, na sehemu yake huwa imo tayari tangu uchachukaji. Ukiongeza na gesi ya kuisukuma bia yote itoke kwenye koki, haifiki gramu 200. Mtungi wa kilo 5 kwisha kwa siku tisa haukuwa fumbo hata kidogo. Geji ya juu, inayoonyesha presha ya ndani ya mtungi, haikusaidii kulijua hili, kwa sababu ndani ya mtungi gesi imekaa kama kimiminika na juu yake mvuke, na geji inasoma joto la mtungi zaidi ya kiasi kilichobaki. Nilipouhamishia mtungi ndani ya friza kwa jaribio, sindano ilishuka kutoka zaidi ya PSI 1,000 hadi karibu 550 bila gramu moja kutoka. Februari zetu nazo zina jambo lake: gesi hii ya kaboni ikipita nyuzi 31 haiwi tena kimiminika hata ukiibana vipi, na stoo ya Tabata mchana inapita hapo. Kwa hiyo napima uzito. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye bega la mtungi wenyewe. Nina mizani ya kuning'iniza, naandika kilo kila Jumamosi.

Hesabu hiyo ilinipa na hofu, hofu ya haki. Kilo 5 za gesi zikitoka zote ni zaidi ya lita 2,500. Stoo yangu ina mita mbili kwa mbili na urefu mbili na nusu, yaani lita 10,000. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina harufu ya kukuonya, inakaa chini, na chini ndipo anapofika mtoto anayefuata mpira wake. Siku zile tisa mtungi ulikuwa ukijimwaga polepole ndani ya chumba hicho, na kilichotuokoa ni ule mwanya wa mlango. Siku iliyofuata niliutoa mtungi, nikauweka baraza ya nyuma penye kivuli, umefungwa kwa mnyororo usianguke, na mpira ukapitishwa kwenye tundu la ukutani. Friza nayo nikaihamishia jikoni penye madirisha mawili. Wenzangu mnaoishi vyumba vya kupanga na mtungi umelala uvunguni mwa kitanda, nawaomba muutoe leo.

Povu la kwenye koki liliendelea hata baada ya presha kuwa sawa, na sababu zake zilikuwa nje ya kegi. Mpira wangu wa bia ulikuwa nusu mita, mpana wa milimita 8. Bia inatoka kwenye presha na kuangukia hewani bila kitu cha kuipunguza kasi njiani, lazima ilipuke. Niliweka mpira mwembamba wa milimita 5 wenye urefu wa mita 3, nimeuviringa juu ya kegi, na msuguano wake unaishusha presha taratibu. Koki naifungua yote kwa mkupuo. Ukiifungua nusu unatengeneza povu kwa mkono wako mwenyewe.

Ikabaki glasi ya kwanza tu kuwa na povu, ya pili safi. Kipimajoto kilinieleza: chini ya friza nyuzi 2, juu karibu na mfuniko nyuzi 9. Bia iliyolala kwenye mpira wa juu ilikuwa ya moto kuliko iliyomo kwenye kegi. Nilitia feni ndogo ya kompyuta izungushe hewa, na waya wa themostati nikaubandika ubavuni mwa kegi, nikaufunika na kipande cha sponji, upime bia badala ya kupima hewa. Tofauti sasa ni nyuzi mbili.

Umeme ukikatika sifungui friza. Chupa nne za maji baridi zinakaa humo daima, na lita 38 za bia baridi hazipati joto haraka. Ikipita saa nyingi bia itaachia gesi kidogo juu, umeme ukirudi nitaipa siku nzima iirudishe kabla ya kugusa koki. Rafiki yangu wa Arusha aliniuliza kwa nini yeye akiweka 12 kama mimi bia yake inatoka dhaifu. Yuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya kule inakandamiza kidogo kuliko ya kwetu, na geji inahesabu kuanzia hewa ya mahali ilipo. Anaongeza PSI 2, inakuwa sawa.

Kwa bia iliyopoa hadi nyuzi 3 natumia PSI 12, siku kumi, na sigusi kitu. Nikiwa na haraka naipa 30 kwa saa 24 ikiwa baridi tayari, halafu navuta pete, nashusha hadi 12, naiacha siku mbili. Kuviringisha nimeacha; sikupata hata mara moja kujua gesi imefika wapi.

Nane Nane shemeji mkubwa alikuja peke yake. Nilimmiminia, glasi imeinama, nikainyoosha mwishoni. Povu lilisimama vidole viwili. Hakunywa mara moja. Aliiweka mezani akaitazama, vipovu vinapanda kutoka chini kwa mstari mmoja mwembamba usiokatika, na alipokuja kuiinua povu lilikuwa bado limeshika ukingo. Akanywa nusu. "Shemeji," akasema, "hii nitainywa na mzee." Akaomba lita mbili za kumpelekea baba mkwe Mbezi, nikamjazia kwenye chupa zilizokuwa friza.

Leo ninapoandika, kegi ya pili ina bia mpya. Jana jioni nilifunga mtungi geji ikiwa 12, asubuhi hii inasoma 10. Bia hiyo ina siku tatu tu kwenye baridi, kwa hiyo spana iko kwenye sanduku lake. Nimefungua mtungi tena. Nitafunga na kupima Jumapili ijayo.